Usisukume, Kamua

Juni 23. Mawingu. Mvua bado.

Mwalimu Noh wa darasa la wazee ametuambia tuandike daftari masika yote, tangu mvua ianze mpaka ikatike. Kila siku, hata kama ni mstari mmoja. Bibi Tak akalalamika kwamba vidole vinamuuma. Mimi sikulalamika. Nina miaka sabini na sita, herufi nimezijua mwaka jana tu, na leo mle darasani hakuna anayenipita kwa mwandiko. Mwalimu hajalisema kwa mdomo lakini macho yake nayaona.

Mimi ni Cheon Chil-seong. Mji mzima wa Gunsan unanijua. Miaka ishirini na minane nilikuwa na duka la michezo ya mashine nyuma ya soko la samaki. Mashine kumi na nne. Mashine zikiharibika, wenzangu waliita fundi. Mimi ndiye niliyekuwa fundi, na hao wenzangu walikuwa wananiita mimi.

Ukurasa umejaa. Si haba kwa siku ya kwanza.

Juni 25. Mvua imeanza.

Imeanza asubuhi, na paa limevuja palepale pa mwaka jana, juu ya mlango wa jiko. Nimetega sufuria.

Binti yetu Mi-hwa amekuja kutoka Daejeon. Alinitazama nikimlisha mama yake uji, kisha akaviweka chini vijiti vyake vya chakula.

"Baba, hii kazi ya watu watatu unaifanya peke yako. Na huo mgongo wako."

"Mgongo wangu umekuambia nini?"

"Umeniambia mara nne tangu nimeingia. Kila ukiinama unaguna."

Mama yake alipata kiharusi mwezi wa tatu. Mguu umerudi kiasi. Mkono wa kulia haujarudi, haushiki kitu. Mi-hwa amepata nafasi kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa karibu na kwake, itakuwa wazi mwisho wa Julai. Nikasema sitaki. Akasema kwani nani anataka? Tukabishana mpaka uji ukapoa, na mgonjwa katikati yetu anatutazama kama watoto wa jirani.

Mwisho tumepatana hivi. Mtaalamu wa viungo pale kliniki alisema mkono ukitumika unarudi, ukikaa unakufa. Basi mama akiweza kushika kijiko akajilisha mwenyewe kabla masika hayajaisha, anabaki nyumbani. Asipoweza, anakwenda.

"Utaona," nikamwambia. "Huyu ni mke wa Cheon Chil-seong."

"Mkono ni wake, Baba, si wako."

Mke wangu anaitwa Maeng Sun-rye. Tangu mwezi wa tatu amebakiwa na neno moja tu, na hilo nalo kwa siku zake. Leo amelisema Mi-hwa alipokwisha kuondoka. Alikuwa akitazama upande wa mlango wa jiko.

"Kamua," akasema.

Nikachukua kitambaa cha sakafu, nikafuta maji, nikakikamua. Miaka hamsini ananituma, hata kiharusi hakijamzuia.

Juni 26. Mvua.

Kijiko kimeanguka mara kumi na moja.

Juni 27. Mvua, na upepo wa baharini.

Kijiko kimeanguka mara tisa. Baadaye nikaacha kuhesabu, nikaketi, nikafikiri. Nikifikiri mimi huwa napata.

Ghalani nimebakiza mashine moja. Nilipofunga duka niliuza kumi na tatu, hii haikununuliwa. Ni mchezo wa panya anayekula punje vichochoroni na paka watatu wakimfukuza. Hauna kitufe hata kimoja, ni mpini tu katikati. Zamani Sun-rye kazi yake ilikuwa kuchenji pesa na kupiga deki, lakini nikigeuka tu namkuta amesimama kwenye panya, watoto wamejipanga nyuma yake. Nilikuwa namgombeza mbele za watu: "Mama Mi-hwa, hili duka au uwanja wako wa michezo?" Anamaliza mchezo, anarudi kwenye deki.

Nikawaza: mkono umesahau kijiko. Je, umesahau na mpini?

Nikaifungua mashine. Mpini umekula kutu, springi imekatika. Si neno. Kuchagua mpini ni kazi yangu.

Watu hudhani mpini ni mpini. Ndiyo maana hawajui kitu. Kuna mipini ya springi, inakurudisha katikati kwa ukali kama mama mkwe. Kuna ya raba, inakurudisha polepole. Kuna yenye kichwa cha mviringo kama plamu, unakitia kati ya vidole, kiganja kikiangalia juu. Kuna yenye kichwa kirefu kama biringanya, unaikamata kwa ngumi. Lakini hayo yote ni nguo. Roho ya mpini iko chini, mtu haoni, kwenye bamba lenye tundu. Tundu likisimama kwa ncha, mpini unakwenda njia nne tu: juu, chini, kushoto, kulia. Ukiligeuza bamba kidogo tu, tundu likakaa mraba, mpini unakwenda njia nane, mpaka mshazari.

Mchezo wa vichochoro unataka njia nne. Vichochoro havina mshazari. Ukiutilia mpini wa njia nane, mtoto anafika kwenye kona, anauelekeza kidogo vibaya, swichi mbili zinalia pamoja, ya juu na ya kulia. Panya hajui amtii nani. Anazubaa. Paka anamla. Hili si la kufundishwa na mtu.

Kwa hiyo njia nne, springi, kichwa cha mviringo. Nimeshaamua.

Juni 29. Mvua kubwa.

Nimekwenda kwa Pyo Gil-jun. Ana miaka hamsini na kitu. Zamani alikuwa mtoto wa dukani kwangu, pua inamtoka, kila siku yumo, mke wangu akimwita Shangazi kama watoto wote. Sasa ana karakana ya mipini, anawauzia vijana wanaopigana kwenye michezo ya kompyuta. Vichwa vya rangi zote, kama duka la peremende.

"Mzee Cheon! Si walisema umeshakufa? Nilinuna wiki nzima, sikupata supu ya matanga."

"Supu yako nitaila mimi kwanza. Nipe mpini wa njia nne."

"Wa nani?"

"Wa mama Mi-hwa."

Akaacha mzaha. Akafuta mikono. Akaniuliza habari za mgonjwa, nikamweleza yote. Akatoa mipini mitano akaipanga mezani, lakini hakunipa hata mmoja.

"Mzee, usichague kwa jina la mchezo. Uulize mkono. Mkono wa Shangazi ulizoea upi?"

"Ulizoea niliouwekea mimi."

"Ndiyo. Ulikuwa upi?"

"Mzuri."

Akanitazama kitambo. Mimi nikatazama mvua. Hilo halimhusu. Wala halilihusu daftari hili.

Julai 1. Mvua.

Nimefunga mpini mpya. Umekaa sawasawa, ukiusukuma unalia tik, safi. Nimemweka Sun-rye kwenye kiti mbele ya kioo cha mashine. Vidole vyake nikavifunga mimi kwenye kichwa cha mpini. Muziki ulipoanza, vikajikunja vyenyewe! Miezi minne havijajikunja.

Panya akafika kona ya kwanza, akapita moja kwa moja, akagonga ukuta. Akaliwa.

Ni siku ya kwanza.

Julai 2. Mvua.

Amekufa kona ya kwanza. Mara ishirini.

Julai 3. Manyunyu.

Mwalimu Noh amerudisha daftari. Amenisahihishia herufi saba tu, Bibi Tak ana thelathini. Lakini pale nilipoandika "halilihusu daftari hili" amepiga mstari mwekundu na kuuliza: Kwa nini halilihusu?

Walimu wa siku hizi ni wadadisi.

Julai 4. Mvua.

Kona ya kwanza. Nadhani springi ni ngumu. Nimeweka laini.

Julai 5. Mvua.

Kona ya kwanza. Nadhani kichwa kinateleza. Nimeweka cha biringanya.

Ameutazama mkono wake juu ya kile kichwa kirefu kama mtu aliyevalishwa kiatu cha mwenziwe. Hakukikunjia hata kidole. Nimerudisha cha mviringo.

Julai 6. Mvua. Ukungu wa kuta umefika dirishani.

Kona ya kwanza. Leo ameng'ang'ana na mpini mpaka jasho likamtoka, kifundo chake kinakwenda upande, bamba linakizuia. Nikamwambia, "Nyoosha, mama Mi-hwa! Juu, kisha kulia. Si hivyo, unazungusha! Nyoosha!" Nikaushika mkono wake nikaunyoosha kwa nguvu.

Akanitazama.

"Kamua," akasema.

Nikakimbilia kitambaa. Sufuria ilikuwa haijajaa hata nusu. Nikakamua hivyohivyo, nikarudi, nikamwonyesha kitambaa kikavu. Akafumba macho.

Julai 8. Mvua.

Hataki kukaa mbele ya mashine. Mkono ameuficha chini ya shuka. Kijiko pia hataki. Nimemlisha.

Julai 9. Mvua.

Sina la kuandika.

Julai 10. Mvua.

Mi-hwa amepiga simu. "Vipi kijiko?" Nikasema kinaendelea vizuri. Akasema redio imetangaza mvua huenda zikakatika tarehe ishirini na tano. Mtu aliyezaliwa na mimi ananihesabia siku.

Julai 12. Mvua kubwa sana. Leo nitaandika mpaka wino uishe.

Gil-jun alikuja asubuhi. Sikumwita. Kaja na mpini wa raba, na unga wa chapati za vitunguu, maana mvua kama hii mtu asipokula chapati za vitunguu anaonekana mwendawazimu. Nikamkaangia zile chapati, zikatoka nzuri kuliko za mkewe, alikiri mwenyewe.

Sun-rye alipomwona alitabasamu kwa ule upande wa mdomo unaotabasamu. Gil-jun akapiga magoti mbele yake, mtu mzima vile.

"Shangazi, mimi Gil-jun. Yule wa makamasi."

Kisha akamwomba, kwa adabu kabisa, amwonyeshe mchezo kidogo. Na yeye, aliyenikatalia mimi siku nne, akautoa mkono chini ya shuka.

Tukamweka mbele ya mashine. Muziki ukalia. Panya akaanza kupanda. Alipokaribia kona, kifundo cha mkono wa Sun-rye kikajizungusha vilevile kama juzi, mpini ukagonga ukingo wa bamba, ukarudi katikati. Panya akapita. Akaliwa.

"Umeona?" nikamwambia. "Anazungusha badala ya kunyoosha. Nimemwambia mara mia."

Gil-jun alikuwa anautazama ule mkono kama mtu aliyekutana na ndugu yake sokoni.

"Tena, Shangazi."

Akacheza tena. Akafa tena. Akageuza shingo akanitazama mimi, si Gil-jun.

"Kamua," akasema.

Nikainuka kwenda kuchukua kitambaa. Gil-jun akanidaka mkono.

"Unakwenda wapi, Mzee?"

"Anataka maji yafutwe. Kila siku hivi. Ana wazimu wa deki."

"Mzee." Sauti yake ilibadilika. "Hazungumzii deki. Anakwambia namna ya kupita kona."

Nikamwambia aseme Kikorea.

"Hivi ndivyo alivyotufundisha sisi. Wote. Ukifika kona, usisukume, kamua. Unashika mpini kama kitambaa cha sakafu kilicholowa, unazungusha kifundo mara moja, unaupita ule mshazari upesi kabla mashine haijazubaa. 'Usisukume, kamua. Usisukume, kamua.' Ukikosea anakupiga kofi la kisogo. Wewe ulidhani alikuwa anacheza?"

Mimi nilidhani alikuwa anacheza.

"Kwa nini awafundishe?" nikauliza. Jibu nilikuwa nalijua. Nadhani nilitaka lisemwe na mtu mwingine.

Gil-jun akainama, akachukua chapati, akaiangalia, akairudisha.

"Mzee, bamba lako lilikuwa limegeuzwa. Sisi tulikuwa watoto, hatukuwa vipofu. Duka la kituo cha basi panya alikuwa anakata kona kama maji. Kwako anazubaa. Tulikuwa tunakuja kwako kwa sababu ya Shangazi."

Basi, Mwalimu Noh, uliuliza kwa nini halilihusu daftari. Sababu hii hapa.

Mwaka wa pili wa duka, watoto walikuwa wameizoea mashine ya panya. Kwa sarafu moja mtoto anasimama nusu saa. Siku moja asubuhi kabla ya kufungua nililegeza skrubu nne, nikaligeuza bamba nusu ya robo ya mzunguko, nikakaza. Kazi ya dakika mbili. Kuanzia siku ile walikufa kwenye kona. Na nilijisifu! Niliwasimulia wenye maduka wenzangu tukinywa, wakanipigia makofi, wakasema Chil-seong ana akili ya ziada. Sun-rye alikuwa akituletea kimchi, kabichi yetu ya pilipili. Alisikia. Kesho yake nikamkuta amesimama kwenye panya.

Miaka ishirini na sita akajifunza upotofu wangu kwa kifundo cha mkono wake na kuwagawia watoto dawa yake, na mimi namgombeza mbele zao kwamba ni mvivu.

Na tarehe ishirini na tisa Juni Gil-jun aliniuliza: ulikuwa upi? Nikasema: mzuri. Ningesema kweli siku ile, ningekuwa nimeokoa wiki mbili za mkono wa mke wangu. Nilikuwa nauwekea mpini sahihi mkono niliouharibu mwenyewe, nikiukaripia kwamba hauendi sawa.

Gil-jun hakunihukumu. Akanipa bisibisi tu. Nikaingia chini ya mashine, mgongo ukaguna, nikalegeza skrubu nne, nikaligeuza bamba nusu ya robo. Mikono yangu ilikumbuka. Hilo pia nimelionea aibu.

Sun-rye akashika mpini kati ya vidole, kiganja juu. Muziki. Panya akapanda. Kona. Kifundo kikazunguka, tik-tik, swichi mbili karibu pamoja, na panya akakata kulia kama aliyekuwa akijua njia maisha yake yote.

Gil-jun alipiga ukelele wa kitoto. Mimi nilitoka nje kutazama sufuria.

Julai 13. Mvua.

Kona tisa.

Julai 14. Mvua.

Kona kumi na saba, amemaliza kichochoro chote cha juu. Mchana nimemtia kijiko mkononi si kwa juu kama watu wanavyoshika, bali kati ya vidole, kiganja juu, kama mpini. Hakijaanguka! Hakikuinuka, lakini hakijaanguka.

Julai 15. Mvua. Mafuriko upande wa mto, wametangaza tusitoke.

Hatujatoka. Amecheza asubuhi na jioni. Nilikaa nyuma yake kwenye ndoo niliyoipindua, pale walipokuwa wanakaa watoto. Sijawahi kukaa pale. Ukiwa pale unamwona bega likitangulia kidogo kabla ya kifundo. Mkono wake ulikuwa mzuri namna hii na mimi nilikuwa nimesimama kwenye droo ya sarafu.

Julai 17. Mvua.

Kijiko kimeinuka kikafika usawa wa kitufe cha pili cha blauzi.

Julai 19. Manyunyu.

Kitufe cha kwanza. Uji wote umemwagika, tumecheka. Yeye alicheka kwa upande mmoja, mimi kwa pande zote mbili ili tujazane.

Nilimwambia leo. Nilimwambia, "Mama Mi-hwa, mimi ndiye niliyeligeuza bamba." Alikuwa katikati ya mchezo. Hakugeuka. Aliipita kona, akaipita nyingine, kisha akautoa mkono kwenye mpini, panya akabaki peke yake, na akanipiga kofi la kisogo. Jepesi, mkono hauna nguvu. Paka wakamla panya.

Julai 21. Mawingu tu.

Kola. Kijiko kimefika kola.

Mtaalamu wa viungo amekuja nyumbani. Akamkunja vidole, akamkunjua, akaandika. "Huu mkono umeamka vizuri sana," akasema. "Tangu lini mnafanya hivi?" Nikasema tangu tarehe kumi na mbili. Akasema, "Laiti mngeanza mwisho wa Juni..." Kisha akaangalia uso wangu. Akafunga begi.

Julai 22. Jua kidogo mchana.

Nimelichukia lile jua. Nimefunga pazia.

Julai 23. Mvua!

Mvua nzuri, kubwa. Sufuria imejaa mara mbili. Kidevu.

Julai 24. Manyunyu, yakakatika saa tisa.

Kidevu. Kidevu. Kidevu.

Julai 25. Jua.

Masika yamekwisha. Redio imesema, na nyenzemlia, wale wadudu wa kiangazi, wameanza kupiga kelele kwenye mti wa jirani kana kwamba wamelipwa.

Mi-hwa amefika mapema na gari. Gil-jun pia amekuja, kasema ni kwa ajili ya kubeba mizigo kama itakuwepo. Nikamwambia haitakuwepo.

Kwanza nikamwonyesha Mi-hwa mchezo. Mama yake akamaliza vichochoro vyote, paka watatu wakibaki nyuma. Mi-hwa akaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Mama! Baba, huu mkono... huu si ule mkono wa mwezi uliopita."

"Nilikwambia."

Kisha tukamketisha mezani. Uji niliupika mzito ili usimwagike, niseme kweli. Akashika kijiko kati ya vidole, kiganja juu. Bega likatangulia. Kijiko kikapanda: kitufe cha pili, kitufe cha kwanza, kola, kidevu. Hapo kikasimama. Sijawahi kuona mtu anatetemeka namna ile kwa ajili ya kijiko cha uji. Mishipa ya shingo imemtoka. Mdomo umefunguka. Kati ya kijiko na mdomo palikuwa na upana wa vidole viwili.

Nilitaka kuusukuma ule mkono. Niliikalia mikono yangu yote miwili.

Kikageuka. Uji ukaingia kifuani.

"Tena," nikasema.

Akajaribu tena. Mara nne. Mara ya nne hakikufika kola.

Mi-hwa akamfuta mama yake, polepole, kila kidole peke yake. Alikuwa analia bila sauti. Ile nafasi ni leo, akikosa leo anapewa mwingine, na foleni ni ya mwaka.

"Kidogo tu, Baba. Ilibaki kidogo tu. Wiki mbili zingetosha." Akaniinulia macho. "Kwa nini hamkuanza mapema?"

Gil-jun akainama kufunga kamba ya kiatu. Viatu vyake havina kamba.

"Mpini ulichelewa kupatikana," nikasema.

Mwalimu, weka mstari mwekundu hapo.

Tukamtia garini. Gil-jun alibeba begi. Nikazunguka upande wake, dirisha lilikuwa wazi, nikamwambia nitakuja kila Jumapili, treni ipo, mgongo wangu ni mzima. Nikamwambia kule atapata mabinti wenye nguvu wa kumfanyisha mazoezi, si mzee anayeguna. Niliongea sana.

Akautoa mkono dirishani. Akashika kidole gumba changu kati ya vidole vyake, kiganja juu. Akakizungusha mara moja, upesi: juu, kulia. Akaniachia.

"Ehe," nikasema. "Kamua."



Julai 26. Jua kali.

Kitambaa cha sakafu kimekauka mlangoni, kigumu kama samaki mkavu. Sufuria nimeiosha nikairudisha jikoni.

Gil-jun ameniuliza kama aje aichukue mashine, ana mteja. Nimemwambia akija nitamvunja miguu.

Sikuwahi kuucheza mchezo huu. Miaka ishirini na minane duka ni langu, nimeufungua na kuufunga nisihesabu ni mara ngapi, na sikuwahi kuucheza. Niliona ni wa watoto. Leo nimeketi kwenye kiti chake. Muziki ukalia. Nikausukuma mpini juu, nikausukuma kulia. Panya akazubaa. Nikafa kona ya kwanza.

Nikafa tena. Na tena. Mara nane nimekufa kona ya kwanza kwenye bamba nililoligeuza mwenyewe.

Nikaushika mpini kati ya vidole, kiganja juu. Usisukume, Chil-seong. Bega litangulie.

Mara ya tisa nikaipita. Nikageuka nyuma kumwonyesha.